Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Mwalimu Aliyebaki Mwanafunzi

Makala hii ilianzia kwenye meza isiyo na mwenyewe.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita fildi, katika shule moja ya sekondari ya Kiislamu isiyo mbali na Samuye, mkoani Shinyanga. Mimi ni mtoto wa Samuye. Niliomba kwenda huko kwa sababu ambayo kila mwanafunzi anaielewa: boom halitoshi, na nyumbani ugali upo. Nikapangiwa Historia na Kiswahili, na kwenye ofisi ya walimu nikawekwa meza moja na Ustaadhi.

Jina lake silitaji. Alikuwa anafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, peke yake. Alikuwa mlezi wa bweni la wavulana. Alikuwa imamu wa swala zote tano. Jioni walimngoja watoto wa madrasa kutoka kijijini, na Ijumaa hotuba ilikuwa juu yake. Umri wake haujafika miaka 30.

Jumatatu ya wiki ya tano nikakuta meza tupu. Ikaja kujulikana kwamba Ustaadhi ameondoka Jumamosi kwenda Nyarugusu, kule Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Mshahara wake wa miezi mitatu ulikuwa haujatoka, mkewe alikuwa amejifungua, na binamu yake alikuwa na hisa kwenye duara moja huko. Kwetu habari kama hiyo haimshangazi mtu. Ukanda wetu wote unapumua dhahabu. Kijana anayebeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha anaweza kulala na hela yake mfukoni siku hiyohiyo. Mwalimu anasubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi nao una mwisho wake.

Ofisini hukumu ilitoka haraka. Tuliambiana kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, na kwamba aliyesoma dini hapaswi kukimbilia fedha. Kusema kweli na mimi niliitikia. Kwenye daftari langu la fildi niliandika kwamba chanzo cha walimu wa dini kuacha kazi ni ustahimilivu mdogo. Neno hilo nilikuwa nimelitoa kwenye somo la saikolojia ya elimu, na nikaona nimeandika jambo la kisomi kabisa.

Nikapewa vipindi vya Ustaadhi vya kidato cha kwanza mpaka apatikane mwingine. Mezani alikuwa ameacha Qurani Takatifu ile nene, yenye tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Jalada limeungwa kwa selotepu, ndani kumejaa vipande vya karatasi vyenye maandalio yake ya somo. Nilisoma madrasa utotoni, na jina la Farsy nilikuwa nalifahamu kama unavyolifahamu jina la barabara: unalitamka kila siku bila kujiuliza alikuwa nani. Safari hii nikajiuliza. Nilitegemea kumkuta mzee wa msikitini ambaye chaki hakuwahi kuigusa. Kumbe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mafunzo ya ualimu kama haya tunayoyapata sisi, na baadaye mkaguzi wa shule.

Nilipomaliza kuyapitia maisha yake, nilirudi kwenye daftari langu nikaifuta ile sentensi. Nitaeleza kwa nini.

Mtoto wa shule mbili

Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Unguja ya wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani akiwa bado yupo kwenye kiti. Mtoto wa mjini alikuwa na shule mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa chuo, na hapa simaanishi chuo kama hiki chetu. Kule pwani chuo ni pale watoto wanapofundishwa kusoma Kurani, mara nyingi nyumbani kwa mwalimu au barazani kwake. Mwalimu wa chuo hakuwa na mwajiri. Aliishi kwa vijisenti na zawadi za wazazi, na kwa heshima ya mtaa.

Shule ya pili ilikuwa ya serikali, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Hii ilikuwa na madawati, hesabu, jiografia na mwalimu anayelipwa kila mwezi. Wazazi wengi waliitilia shaka. Waliogopa kwamba mtoto atatoka mle anajua kuandika barua ya ofisini lakini hajui kusimama kwenye swala. Serikali ikaona kwamba bila Kurani madawati yatabaki matupu, ikaingiza Kurani na dini kwenye ratiba. Hapo ndipo ilipopatikana kazi ambayo haikuwepo kabla: mwalimu wa dini mwenye daftari la mahudhurio, andalio la somo na mshahara.

Farsy alipitia shule zote mbili. Baada ya chuo aliingia shule ya serikali, akaendelea hadi mafunzo ya ualimu, na mwaka 1933 akaanza kufundisha katika shule za msingi za Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mimi ninayeandika nina 22. Kazi hiyo ya darasani aliifanya kwa takribani miaka 14.

Asubuhi mwalimu, jioni mwanafunzi

Hapa ndipo maisha yake yaliponigusa zaidi. Kijana aliyemaliza mafunzo ya ualimu, ana cheti na ana kazi ya serikali, angeweza kusema amefika. Farsy hakuacha kusoma. Asubuhi alisimama mbele ya watoto. Saa za shule zikiisha, alikwenda kukaa chini mbele ya masheikh wa mji. Miongoni mwa walimu wake walikuwemo Sheikh Ahmad bin Muhammad Mlomry na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumait, mwanachuoni aliyeshika ukadhi wa Unguja kwa miaka mingi na kufariki Komoro mwaka 1976.

Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa umejaa darsa. Huyu anasomesha fikihi msikitini baada ya magharibi, yule anasomesha sarufi ya Kiarabu barazani kwake baada ya alasiri. Kulikuwa na Madrasa ya Ukutani, iliyoanzishwa na Sheikh Abdalla Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, na iliyoendelezwa na waliomfuata. Mtu aliyefundisha watoto wadogo alifu na bee asubuhi aliweza jioni ileile kuwa mwanafunzi wa kitabu kigumu kuliko uwezo wake. Aliulizwa, akakosea, akasahihishwa. Kesho yake alirudi darasani akiwa na kitu kipya kichwani.

Ebu fikiria hilo kwa macho ya mwalimu. Kazi yetu inachosha kwa namna yake. Unatoa, unatoa, unatoa. Kila mwaka kidato cha kwanza ni kilekile, na makosa ni yaleyale. Mtu asiyeingiza kitu anakauka. Unguja ya miaka ya 1930 ilimpa Farsy mahali pa kuingiza, na mahali penyewe palikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kazini kwake. Hakuhitaji kuomba ruhusa wala nauli.

Alikuwa na wenzake pia wa mbali. Mombasa alikuwepo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh huyo ndiye aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwahimiza Waislamu wa pwani kusoma dini kwa lugha wanayoielewa na kujenga shule zinazofundisha dini pamoja na elimu ya dunia. Farsy alimhesabu kuwa miongoni mwa walimu wake. Kwa hiyo mwalimu kijana wa Unguja alipoanza kuwaza kwamba haitoshi mtoto kukariri bila kuelewa, hakuwa peke yake na wazo lake. Mtu mkubwa kuliko yeye alikuwa ameshalisema hadharani.

Vitabu alivyovikosa akaviandika

Tatizo la kila mwalimu wa dini wa wakati huo lilikuwa vifaa. Vitabu vilikuwepo, lakini vya Kiarabu, tena vya wanachuoni. Mtoto wa darasa la nne wa Unguja anaota kwa Kiswahili. Aliweza kuisoma sura nzima kwa kichwa asijue maana ya neno moja. Mwalimu alibaki na mdomo wake tu.

Farsy akaanza kuandika. Aliandika maisha ya Mtume Muhammad kwa Kiswahili. Aliandika Sura za Sala na Tafsiri Zake, kijitabu cha zile sura fupi ambazo Mwislamu huzisoma kwenye swala, pamoja na maana zake. Ukikitazama kwa jicho la ualimu utaona ni nini: ni kitabu cha kiada cha mwalimu aliyechoka kuona watoto wanasema wasichokijua. Aliandika pia historia, akamwandikia Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja. Na aliandika Ada za Harusi katika Unguja, kitabu kilichotoka mwaka 1956, ambacho hata asiyejali mambo ya dini atakisoma kwa hamu, maana kinaeleza harusi ya watu wa Unguja hatua kwa hatua.

Kila mwandishi wa dini kwa Kiswahili alikuwa na wapinzani. Wapo walioona kwamba elimu ya dini ikishuka kwenye Kiswahili inavunjiwa heshima, na kwamba kila mtu atajifanya sheikh. Farsy aliendelea. Nadhani kilichomsaidia ni kwamba vitabu vile vilikuwa na pa kwenda. Alikuwa na darasa. Alichokiandika usiku alikijaribu asubuhi, akaona kama mtoto ameelewa au amekodoa macho tu.

Mkaguzi

Mwaka 1947 aliacha darasa la kila siku akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba. Kazi ya mkaguzi tunaijua sisi tuliokwenda fildi, maana tumekaguliwa, na tumbo limetucheza. Lakini itazame upande wa pili. Mwalimu wa dini wa kijijini Pemba, aliyezoea kuonekana kama mtu wa pembeni kwenye shule ya serikali, sasa alitembelewa na mtu aliyekuwa amefundisha somo hilohilo kwa miaka 14. Somo lake lilikuwa na ngazi, na mwalimu wa dini aliweza kupanda.

Sitaki kuipamba serikali ya kikoloni. Ilikuwa na sababu zake, na heshima iliyompa mwalimu wa dini haikuwa sawa na ile iliyompa ofisa wake wa Kizungu. Ninachosema ni kidogo: mtu aliyeanza na alifu na bee aliona mbele yake mahali pa kufika bila kulazimika kuuacha ualimu wa dini. Ustaadhi wa meza yangu hakuwa na ngazi yoyote. Angefundisha miaka 14, mwaka wa 15 angekuwa palepale, na funguo za bweni mfukoni.

Kurani kwa Kiswahili

Kazi iliyomfanya Farsy ajulikane mpaka Samuye ni tafsiri ya Kurani. Haikuwa ya kwanza. Mwaka 1923 ilitoka ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi Unguja. Mwaka 1953 ikatoka ya Ahmadiyya, iliyofanywa na Sheikh Mubarak Ahmad. Masheikh wengi wa pwani waliona zote mbili zimeacha pengo, na ile ya pili hasa waliipinga kwa nguvu. Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa ameanza ya kwake, akafariki kabla ya kuimaliza.

Farsy aliibeba kazi hiyo. Hakutoa kitabu kizima kwa mkupuo. Katika miaka ya 1950 alianza kutoa sehemu ndogondogo, kijitabu baada ya kijitabu, na watu wakazinunua na kuzisoma wakati yeye anaendelea na nyingine. Tafsiri nzima, Qurani Takatifu, ilichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Ni zaidi ya miaka kumi ya kazi, na yote hiyo aliifanya juu ya kazi nyingine za kila siku: ukaguzi, darsa, na kuanzia mwaka 1960, ukadhi wa Unguja.

Nilipokuwa natayarisha vipindi vya Ustaadhi, niliona jinsi maelezo ya chini ya kitabu kile yalivyoandikwa. Yanaongea kama mwalimu. Anamtangulia msomaji kwenye swali ambalo mtoto angeuliza, anajibu, wakati mwingine anakaripia, kisha anaendelea. Kwa mimi niliyekuwa nafundisha somo ambalo si langu, kitabu kile kilikuwa kama mwalimu mzoefu aliyekaa dawati la nyuma.

Siku aliyoondoka

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Mji aliousomea na kuusomesha ukabadilika. Wanachuoni kadhaa waliondoka katika miaka iliyofuata, wengine kwenda Komoro, wengine Kenya, wengine Uarabuni. Muslim Academy, iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya kutoa walimu na wasomi wa dini, ilifungwa, ikaja kufunguliwa tena baadaye kwa jina la Chuo cha Kiislamu. Ule mtandao wa darsa za jioni ukalegea, maana darsa ni mtu, na mtu akiondoka anaondoka nayo.

Farsy alibaki na ukadhi wake kwa miaka mitatu baada ya Mapinduzi. Mwaka 1967 naye akahamia Kenya.

Hapa nilisimama. Mtu huyu tunayemtolea mfano wa subira aliondoka. Alikuwa na miaka 55. Kama ningekuwa kwenye ofisi ya walimu na daftari langu, sijui ningemwandikia nini. Ustahimilivu mdogo? Bila shaka hapana. Aliacha kituo cha kazi, hakuiacha kazi. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimpokea Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na mwaka uliofuata tafsiri yake ikakamilika kuchapishwa.

Kenya hakustarehe. Alikuwa mkali dhidi ya mambo aliyoyaona ni uzushi katika dini, zikiwemo baadhi ya desturi za misiba na visomo vya kuwaombea maiti. Masheikh wengine walimjibu kwa maandishi na mimbarini, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Mimi si mtu wa kuamua nani alikuwa sahihi. Ninaloliona ni kwamba aliendelea kuwa na wanafunzi. Vijana walimwandikia maswali, naye akajibu. Mmoja wa wanafunzi wake, Saidi Musa wa Dar es Salaam, alikuja kuandika vijitabu vingi vya dini kwa Kiswahili, kikiwemo cha maisha ya mwalimu wake.

Alistaafu ukadhi mwaka 1981, akaenda Oman, na huko Muscat akafariki mwaka 1982. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Kitabu cha walimu

Nimekiacha kitabu kimoja makusudi mpaka hapa. Mwaka 1972, Kenya, Farsy alitoa kitabu kiitwacho Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Ni kitabu cha majina: fulani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alifariki lini. Unapitia Lamu, Mombasa, Unguja, Komoro. Mtu asiye na subira atasema ni orodha tu.

Mimi nilikisoma kama ramani ya mahali pa kazi. Kila mwalimu mle ndani ana watu nyuma yake na watu mbele yake. Hakuna aliyesimama peke yake. Anayemsomesha huyu amesomeshwa na yule, wanakutana, wanaazimana vitabu, wanazikana. Farsy aliyaandika hayo akiwa nje ya mji wake, miaka mitano baada ya kuondoka, wakati sehemu kubwa ya waliomsomesha walikuwa wamekufa au wametawanyika. Nadhani alijua vizuri ni nini kilichombeba.

Ndiyo maana nikaifuta ile sentensi yangu. Subira ya Farsy ilikuwa kubwa, hilo silibishi. Lakini subira yake ilikuwa na chakula. Alilipwa kwa tarehe inayojulikana. Jioni alikuwa na mahali pa kujifunza. Somo lake lilikuwa na ngazi ya kupanda. Alikuwa na wenzake wa kushauriana nao na hata wa kugombana nao kwa hoja. Alipokosa vitabu, alipata muda wa kuviandika, kwa sababu hakuwa pia mlezi wa bweni, imamu wa swala tano na mwalimu wa vidato vinne kwa wakati mmoja.

Ustaadhi wa meza yangu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Tulimpa kazi za watu wanne, hatukumpa mshahara, hatukumpa mwenzake, kisha tukamhukumu kwa kukosa subira. Nasema hatukumpa, kwa sababu mimi pia nilikaa naye meza moja wiki nne nikimwona anakula mhogo wa kuchemsha saa nne asubuhi, na sikuwahi kumuuliza hali yake zaidi ya salamu.

Sasa tufanye nini? Wengi wetu hapa kitivo cha elimu tutaajiriwa na shule binafsi, na baadhi ni shule za dini, Kiislamu na Kikristo. Nyingi hazina fedha, na sidhani zitazipata kesho. Lakini si kila kitu alichokuwa nacho Farsy kilikuwa cha fedha. Shule mbili au tatu za jirani zinaweza kuwakutanisha walimu wao wa dini siku moja kwa wiki, wasome kitabu kilicho juu ya uwezo wao, wasahihishane. Hiyo ni darsa, na haina gharama zaidi ya nauli ya bodaboda. Mkuu wa shule anaweza kumwondolea mwalimu mmoja bweni akampa mwingine. Na mwenye shule, kama mshahara utachelewa, anaweza kumwita mwalimu mapema akamwambia lini, badala ya kumwacha aisikie habari hiyo kutoka kwa mhasibu.

Muhula ujao narudi fildi, na nimeomba kituo kilekile. Nimeshaandika barua kwa mkuu wa shule kuomba niruhusiwe kuanzisha darsa ya walimu Alhamisi jioni, wa dini na wa masomo mengine pamoja. Bado sijajibiwa.

Ustaadhi nilimpigia mwezi uliopita. Yuko bado Nyarugusu, mtoto ameanza kutambaa. Nilimwambia kitabu chake ninacho, nimekibadilishia selotepu. Aliniomba nisikipeleke machimboni, kule vumbi la karasha linaingia kila mahali. Nikiweke palepale mezani, kwenye ofisi ya walimu, maana vile vipande vya karatasi ndani yake ni vya kidato cha pili, na kidato cha pili mpaka leo hakina mwalimu.